Kijana Aliyetengeneza Mchezo: Kosa Lake Ni Lipi?

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, na twamsalia na kumsalimia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, kuharimisha bila ya elimu ni dhambi kama vile kuhalalisha bila ya elimu. Lakini sisi watu wa pwani tumezoea kuogopa hili la pili tu. Mtu akisema jambo fulani ni halali twamuuliza dalili, twamuuliza kitabu, twamuuliza amesoma kwa nani. Mtu akisema ni haramu hatumuulizi kitu, twaona huyo ndiye mcha Mungu. Hii ni ada mbaya, na katika makala haya nataka kuonyesha madhara yake kwa jambo lililotokea miongoni mwetu.

Katika mji mmoja wa pwani yetu yuko kijana wa miaka 16, amehifadhi juzuu 7, na kila jioni husaidia kuwasomesha watoto wadogo katika chuo ambacho nami ni mmoja wa walimu wake. Kijana huyu aliingia katika mkusanyiko wa siku mbili wa kutengeneza michezo ya kompyuta, akatengeneza mchezo wake wa kwanza. Basi maneno yakaenea. Wako waliomwendea baba yake wakamwambia kuwa mwanawe amepotea. Wako waliotaka aondolewe chuoni asije akawaambukiza wadogo. Baba wa watu, kwa kuona haya, akaichukua ile kompyuta kuukuu aliyokuwa ameinunua kwa jasho lake akaiuza. Na wale waliosema maneno hayo wakarudi barazani kwao, wakaendelea na bao lao mpaka adhana ya Magharibi.

Nauliza: kosa la kijana huyu ni lipi?

MKUSANYIKO WENYEWE NI WA NINI

Kwanza tulijue jambo ndipo tulihukumu. Mikusanyiko hii yaitwa gemu jamu. Huo uitwao Ludum Dare ulianza mwaka 2002, na ule uitwao Global Game Jam ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2009 katika nchi 23. Kawaida yake ni hii: hutolewa neno moja au maneno machache yawe ndiyo mada, na kila mmoja au kila kikundi hupewa saa 48 kutengeneza mchezo unaohusiana na mada hiyo. Mwaka 2019 mada ya Global Game Jam ilikuwa ni swali juu ya maana ya nyumbani; mwaka 2023 ilikuwa ni mizizi. Saa zikimalizika kila mtu huweka alichokifanya, kizuri au kibovu, wenziwe wakakitazama na kukisema.

Hapana zawadi ya fedha. Katika Ludum Dare washiriki wenyewe ndio watoao alama kwa kazi za wenzao, na apatacho mtu ni ule mchezo wake na sifa. Nawataja haya wenye haraka ya kutamka neno kamari. Kamari ni watu kutoa mali, mmoja aondoke na ya mwenzake. Hapa nani ametoa mali, na nani amekula ya nani?

Na mchezo wa kijana wetu ulikuwa nini? Ni jahazi. Jahazi limetoka safari, upepo ni wa kusi, maji yanakupwa, na nahodha ataka kuingia bandarini kabla mlango haujakauka. Mchezaji hushika usukani na kulegeza au kukaza tanga. Akielekeza omo kwenye upepo tanga hupwaya na chombo husimama, basi hana budi kubisha, huku na huku, mpaka apite baina ya miamba miwili. Maandishi yake yote ni kwa Kiswahili. Una kasoro: mara nyingine jahazi hupenya katikati ya mwamba kama kwamba mwamba ni moshi, na bandari ameichora vibaya. Lakini kijana aliyezaliwa zama za boti za mashini amelijua neno kubisha, na kalijua kwa kuwa alikwenda kuwauliza wazee wa bahari, siku tatu kabla, wamweleze chombo huendaje. Niambieni, ni vijana wangapi wa mji huo waliokwenda kwa wazee hao mwaka huu kuuliza jambo lolote?

HOJA ZA WAPINGAO NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza, wasema mchezo ni upuuzi, na Mwislamu hakuumbwa kwa upuuzi. Ni kweli kuwa hatukuumbwa kwa upuuzi. Lakini dini yetu haikuharimisha kila mchezo. Imepokewa katika Sahihi mbili kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao siku ya Idi ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), na yeye mwenyewe akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) apate kutazama. Imepokewa kuwa alishindana naye mbio. Na wanavyuoni wetu wa Kishafii wamepambanua: mchezo unaotegemea kete na bahati wameukataza, na mchezo unaotegemea hesabu na fikira, kama sataranji, Imamu Nawawi ameueleza katika Minhaj kuwa ni makuruhu, wala hakusema ni haramu, isipokuwa ukitiwa mali baina ya wachezaji ndipo huwa kamari. Na wameongeza kuwa ukimpotezea mtu sala huwa haramu kwa sababu hiyo.

Basi ndugu yangu uliye barazani, hukumu hiyo unayoitegemea wewe ukicheza bao, na sikulaumu kwa kulicheza, ndiyo hiyo hiyo ya kijana huyu. Huwezi kuwa na Minhaj mbili, moja ya wazee na moja ya watoto. Tena yeye ana zaidi yako: wewe wacheza bao lililochongwa na mwingine, naye amelichonga lake.

Hoja ya pili, wasema ni picha. Kijana amechora chombo, mwamba na maji, hapana ndani yake kiumbe chenye roho. Na hata angechora, mas'ala hiyo ina khilafu ndefu, na iko Hadithi maarufu ya wanasesere wa Bibi Aisha, akiwamo farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) akacheka wala hakukataza. Ajabu ni kuwa aliyekuja na hoja hii alikuja nayo akiwa na simu mkononi iliyojaa picha za arusi ya mpwa wake.

Hoja ya tatu, wasema ni mambo ya makafiri. Hapa ndipo ninapoona uchungu, kwa kuwa maneno haya husemwa na mtu asiyeijua historia yake. Kompyuta huenda kwa kufuata hatua zilizopangwa, na hatua hizo kwa lugha zao Wazungu huziita kwa neno lililotoka katika jina la Al-Khwarizmi, Mwislamu aliyeandika hesabu zake Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Huko huko Baghdad, katika karne ya 9, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo vya hila kama 100, na vingi vyao vilikuwa ni vya kuwastaajabisha wageni: mtungi unaotoa maji kisha ukakatika wenyewe, chemchemi inayobadilisha umbo. Na Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1206 huko Diyarbakir, alitengeneza saa yenye sura ya tembo, na kwa ujuzi huo huo akatengeneza chombo cha kummiminia sultani maji ya udhu, na pampu za kupandisha maji. Mkono uliojifunza kwa vitu vya kuchezea ndio uliofanya vitu vya manufaa. Lau angetokea mtu wa kumvunjia Al-Jazari vifaa vyake kwa kusema huu ni mchezo, hata hiyo pampu isingalikuwako.

Nitataja jambo jingine, dogo lakini lenye maana. Kijana alinijia kuniuliza juu ya tanga: upepo ukilipiga kwa pembe, ni kiasi gani cha nguvu zake huisukuma merikebu mbele? Nikamtolea rubu' mujayyab, kile kibao cha robo duara ambacho wanafunzi wa elimu ya miqati hutumia kujulia nyakati za sala. Nikamwonyesha jayb na jayb tamam. Akashangaa, maana ndizo alizoziona katika kompyuta kwa majina ya kigeni. Wazungu waliposoma vitabu vya Waarabu walikuta neno jayb, wakalidhani ni lile lenye maana ya kifua cha nguo, wakalifasiri kwa Kilatini, na fasiri hiyo ndiyo inayosomeshwa katika skuli zetu hadi leo. Basi elimu tuliyoiacha sandukuni kijana ameipata katika mchezo, akairudisha chuoni. Nasi twataka kumfukuza.

Hoja ya nne, nayo ndiyo yenye uzito, wasema mambo haya hupoteza sala na masomo. Hii siikatai. Ndani ya saa 48 mna sala 10 za faradhi, na mtu aliyeshughulika na kazi inayompendeza huisikia adhana kama sauti ya mbali. Nilimuuliza baba yake, akaniambia kijana aliziswali zote kwa wakati wake, na Alfajiri zote mbili aliswali msikitini. Nakiri sikuwauliza waliomsema kama wao walikuwako Alfajiri hizo, kwani si kazi yangu kuhesabu saffu. Imamu ndiye ajuaye.

UOVU ULIPO HASA

Sasa nawageukia wazazi, na maneno yangu kwenu yatakuwa makali zaidi kuliko kwa wale wa barazani.

Mtoto aliyetengeneza mchezo ameshitakiwa. Mtoto anunuaye michezo hashitakiwi na mtu. Wako miongoni mwetu waliompa mtoto wa miaka 9 simu ili anyamaze, mama apate kupika na baba apate kulala. Hakuuliza fatwa. Hakutazama mtoto anaua nani humo ndani, wala wanawake waliochorwa humo wamevaa nini. Na vibanda vya pleisteshen vilivyo vichochoroni, ambako watoto hulipia kila mechi na wengine huwekeana dau, vyapita mbele yake wenye kanzu nyeupe wakienda sala ya Ijumaa, hakuna asemaye neno.

Tena iko kamari ya wazi tuliyoiingiza majumbani kwa mikono yetu. Michezo mingi ya leo hutolewa bure, kisha mtoto huuziwa ndani yake kasha lililofungwa. Hulipa kwanza, hajui mna nini, akalifungua: pengine mchezaji mpira hodari, pengine takataka. Akipata takataka hununua jingine. Ndugu zangu, hii ni nini kama si kamari? Nchi ya Ubelgiji, isiyo ya Waislamu, mwaka 2018 iliamua kuwa makasha hayo yavunja sheria yake ya kamari. Uchina mwaka 2021 iliwawekea watoto mpaka wa saa 3 kwa wiki katika michezo ya intaneti. Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Wasio wa dini yetu wameona hatari wakachukua hatua. Sisi ambao Qur'ani yetu imeitaja kamari pamoja na ulevi, twamkopesha mtoto simu ya mama anunue kasha kwa fedha za simu, kisha twaenda kumvunjia moyo yule aliyechora jahazi.

Na fedha zaenda wapi? Mchezo uitwao Minecraft ulianzishwa mwaka 2009 na mtu mmoja wa Sweden, na mwaka 2014 ukauzwa kwa dola bilioni 2.5. Watoto wetu wanaujua. Kila shilingi ya mtoto wa pwani yaenda huko, na pamoja na shilingi yaenda akili yake, kwani mchezo humfundisha mchezaji nani ni shujaa na nani ni adui, nini ni kizuri na nini ni cha kuchekwa. Na katika michezo mingi ya vita, adui avaaye kilemba na kusema Kiarabu ni nani kama si baba yako? Ndugu zetu wa Sham waliliona hili mapema. Mwaka 2001 nyumba ya vitabu ya Dar al-Fikr ya Damascus ilitoa mchezo wake juu ya Wapalestina, kwa kuwa walichoka kuona watoto wao wakijipiga risasi wenyewe katika michezo ya wengine. Unaweza kuusifu mchezo huo au kuukosoa, lakini walijua kuwa dawa ya hadithi mbaya ni hadithi nyingine, wala si kuziba masikio.

Asije mtu akasema kuwa haya ni ya matajiri. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa mbioni kuikimbia vita ya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka 3 hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kijana akawa anakwenda mwendo wa saa nyingi kwa miguu kutafuta umeme wa kuitia moto. Akajifundisha, akatengeneza mchezo wa mkimbizi anayetafuta maji na chakula ili afike penye amani, akauita Salaam, na mwaka 2018 akatunzwa mbele ya watengenezaji wa dunia nzima huko Marekani. Mama yule, katika hema, alidunduliza apate kununua. Sisi, katika nyumba za mawe, tumeuza.

MASHARTI YETU

Wala asidhani msomaji kuwa nawafungulia vijana mlango usio na komeo. Mwenye kufanya kazi hii ana masharti, na nayataja.

La kwanza, sala kwa wakati wake, na saa 48 zisifanywe kisingizio. Mwenye kupanga kazi apange kwanza hizo sala 10, kisha usingizi, kisha agawe zilizobaki. Kukesha siku mbili kwa kinywaji cha makopo si ushujaa, ni kuudhulumu mwili ulio amana. La pili, asitie ndani ya mchezo uchi, matusi, kamari, wala kumdhihaki mtu kwa dini yake. La tatu, asiibe picha wala sauti za wenzake, kwani jasho la mtu ni mali yake hata likiwa ndani ya kompyuta. Ziko zana zilizotolewa bure kwa ridhaa ya wenyewe, kama ile iitwayo Godot, iliyoanzwa na watu wawili wa Argentina na kufunguliwa kwa kila mtu mwaka 2014. Hiyo ndiyo aliyoitumia kijana wetu. La nne, amalize. Nusu ya adabu ya kazi ni kumaliza. Yeye alikuwa na azma ya kutia papa, maharamia na bandari saba. Saa zilipompungukia akaviacha vyote akabaki na bandari moja, lakini aliikamilisha. Wangapi katika sisi watu wazima tuna msikiti usioezekwa na kisima kisichofika maji, kwa kuwa tulitaka bandari saba?

Na haya si ya watoto wa kiume peke yao. Binti aliye nyumbani kwao, katika sitara yake, aweza kuifanya kazi hii sawasawa na kaka yake, pengine kwa uvumilivu zaidi.

LITAKIWALO

Imamu Ghazali ameeleza katika Ihyaa kuwa kazi ambazo watu hawana budi nazo katika maisha yao ni fardhi kifaya: wasipopatikana wa kuzifanya, wote hupata dhambi. Wazee wetu walilifahamu hili bila ya makelele. Walipohitaji chombo hawakungojea meli ya mtu. Walishona mtepe kwa kamba za nazi, wakatweka tanga la mkeka, wakaenda. Leo watoto wetu watapita utoto wao ndani ya vyombo vya kompyuta, tukitaka tusitake. Hiari tuliyo nayo ni moja tu: ama wawe abiria katika vyombo vya wengine, au wawe na mafundi wao.

Kwa hiyo nasema wazi. Kijana huyu hataondolewa chuoni, na mwenye dalili ya kinyume na ailete kwa walimu, kwa kitabu na ukurasa, si kwa baba yake usiku. Waliomshurutisha baba kwa maneno yao na wachange wamrudishie kompyuta, au nyingine mfano wake, kwani aliyemsababishia mwenzake hasara kwa kusema asilolijua hawezi kujiosha kwa kusema "nilidhani". Na vyuo vyetu vyenye wakfu wa maduka na mashamba na vitenge chumba kimoja na kompyuta tatu kuukuu, baada ya darasa la Asri, chini ya mwalimu mwaminifu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya maulidi moja ya kushindana.

Ewe mzazi usomaye haya, usiku wa leo chukua simu ya mwanao. Usiivunje. Kaa naye, mwambie akuonyeshe anachokicheza, umuulize: nani ametengeneza hiki, na alitaka wewe uwe nani? Akishindwa kujibu, jua kuwa hapo ndipo malezi yako yalipokatika. Na akikujibu, kisha akasema naye ataka kutengeneza chake, basi usimkatae kabla hujamuuliza: mwanangu, utatengeneza nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuijua haki na kuifuata, na kuijua batili na kuiepuka, na awafanye watoto wetu kuwa mafundi wa kheri. Amin. Wabillahi tawfiq.